Uuzime, utoke au ujifungie? Njia tatu za kuukabili moto wa chumbani

Washa mshumaa, uache ushike vizuri, kisha uupulize. Utambi utatoa uzi wa moshi mweupe. Sasa lete kiberiti kinachowaka, usikiguse utambi, kiguse kwenye huo uzi wa moshi sentimita mbili hivi juu yake. Mwali utateremka ndani ya moshi na mshumaa utawaka tena.

Mchezo huu tuliucheza utotoni umeme ukikatika, bila kujua tunafundishwa nini. Moshi ni kuni ambazo hazijapata nafasi ya kuungua. Moto wa takataka uani hauna shida hiyo, moshi wake unakwenda zake angani. Moto wa sebuleni moshi wake unagonga dari, unatandaa, unashuka ukiwa wa moto, na unachongojea ni hewa tu.

Kwa hiyo ukiamka usiku ukakuta chumba kimoja kinawaka, ufanye nini? Wapo watakaokuambia chukua maji upambane. Wapo wanaosema kimbia, mali hutafutwa. Na wanaokaa maghorofani wamewahi kusikia kwamba heri ujifungie chumbani uwangoje Zimamoto. Wote watatu wana hoja, na wote watatu wanaweza kukuua ukiifuata hoja yao kwa wakati usio wake.

Moto unavyokua ndani ya kuta nne

Tuchukue kochi la sponji, maana ndilo limejaa majumbani mwetu. Chaja imepata joto juu ya mto, kona imeshika. Dakika ya kwanza moto huo unafunikika kwa beseni. Hewa ya chumba ina oksijeni asilimia 21, ya kutosha kabisa, na joto lote linapanda wima kwenda juu. Mtu aliyesimama mlangoni hasikii hata uvuguvugu usoni. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika, tunaangalia mwali badala ya kuangalia dari.

Moshi umeshafika kwenye jipsamu, umekosa pa kwenda, umetandaa ukuta hadi ukuta na umeanza kushuka. Ukiinua macho utaona mstari: juu yake kiza, chini yake hewa bado safi, na mpaka wenyewe umenyooka kama maji ndani ya tangi lililopinduliwa. Mpaka ukishuka chini ya kizingiti cha juu cha mlango, moshi unamwagikia koridoni kwa juu huku hewa mpya ikiingia kwa chini, usawa wa magoti. Moto umeanza kupumua, na mlango ndio pua yake.

Tabaka lile la juu linazidi kuchemka na kumwaga joto chini kama jua. Likifika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, joto linalopiga sakafu hukaribia kilowati 20 kwa kila mita ya mraba. Jua la utosi, lile la saa sita mchana linalokufanya utafute kivuli cha mwembe, ni kama kilowati 1. Chini ya majua ishirini, zulia, meza, pazia, nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango, vitu ambavyo ndimi za moto hazijavigusa, vinaanza kufuka vyenyewe. Kisha vyote vinawaka karibu kwa mpigo mmoja. Wazimamoto huita flashova. Hakuna anayebaki hai ndani ya chumba kilichofika hapo, na hata mzimamoto mwenye mavazi kamili anahesabu sekunde.

Na hufika haraka kuliko wazee wetu walivyozoea. Maabara ya Underwriters Laboratories ya Marekani iliwasha vyumba viwili, kimoja chenye makochi na mapazia ya siku hizi ya sponji na poliesta, kingine chenye samani za zamani za mbao na pamba. Cha kisasa kilifika flashova kabla ya dakika 5. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa. Ile “tutawahi tu” tuliyorithi ni hesabu ya chumba cha pili, ilhali tunalala katika chumba cha kwanza. Kwenye ukumbi wa muziki wa West Warwick, huko Rhode Island, Februari 2003, fataki za jukwaani zilishika sponji ya kuzuia mwangwi ukutani. Ndani ya sekunde 90 hivi sehemu kubwa ya ukumbi ilikuwa haikaliki tena. Walikufa watu 100.

Sasa geuza: chumba hichohicho, ila mlango na madirisha vimefungwa. Moto unakula oksijeni iliyomo, na ikishuka kufika asilimia 15 hivi ndimi zinafifia na kupotea. Aliye nje anashukuru Mungu, umezimika wenyewe. Haujazimika, umelala njaa. Joto lipo, sponji inaendelea kuvuja gesi, na ule uzi wa mshumaa sasa umejaza chumba kizima. Anayefungua mlango wakati huo anaingiza hewa, hewa inapita chini kwa chini hadi kwenye makaa, na chumba kinalipuka kikitokea mlangoni. Hiyo ni bakidrafti.

Jioni ya tarehe 28 Machi 1994, katika nyumba namba 62 ya Watts Street, New York, mfuko wa taka ulikuwa umeachwa juu ya jiko la gesi. Nyumba ilizibwa vizuri kuzuia baridi, kwa hiyo moto ulikosa hewa ukafukuta kwa karibu saa nzima. Wazimamoto walipofungua mlango, hewa iliingia, mwali mkubwa ukatoka na kupanda ngazi. Watatu waliokuwa ngazini juu ya mlango huo walipoteza maisha. Walikuwa watu wa kazi hiyohiyo, wenye mavazi na mpira wa maji.

Vigezo vya kulinganishia

Nimepima njia zote tatu kwa maswali matano. Moto una umri gani, yaani mwali una ukubwa gani na mstari wa moshi umeshuka wapi? Njia hii inaupa moto hewa au inaunyima? Mapafu yako yatavuta nini? Unahitaji kuwa na nini tangu kabla? Na la tano, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: ukikosea, bado unaweza kubadili mawazo?

Kuhusu mapafu niseme kidogo, kwa sababu watu huogopa kuungua kuliko kukosa pumzi. Moto wa nyumba huua wengi zaidi kwa moshi kuliko kwa ndimi zake. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sponji ikiungua huongeza na sianidi. Aliyevuta hizo hapigi kelele. Anachanganyikiwa, anakaa chini, analala.

Njia ya kwanza: kuuzima

Umri wa moto. Njia hii ni ya moto mchanga tu. Kipimo ninachokitumia ni ndoo: mwali usizidi ukubwa wa ndoo ya taka, na moshi uwe bado uko juu kabisa ya kichwa chako ukiwa umesimama wima. Ukilazimika kuinama ili uone, muda wa njia hii umepita.

Hewa. Njia nzuri za kuzima zinaunyima moto hewa au kuupoza. Kifuniko juu ya sufuria ya mafuta, blanketi la kuzimia moto, poda kavu. Mbaya zaidi ni ile ya kupepea, kukung'uta kwa kanga, au kubeba kitu kinachowaka ukikimbia nacho nje. Hapo unakuwa mfua chuma anayevuvia mwenyewe.

Mapafu. Utakuwa chumba kimoja na moto, kwa hiyo unavuta unachovuta. Sekunde chache sawa, dakika mbili hapana.

Vifaa. Hapa ndipo palipojaa dhana potofu, nami nitakaa kidogo. Mtungi wa poda kavu wa kilo 6 ukiubana unaisha chini ya nusu dakika. Ule mdogo wa kilo moja wa kwenye gari ni sekunde kumi hivi. Watu wengi hawajawahi kuushika, wanajifunzia palepale: kuvuta pini, kulenga kwenye shina la moto na si kwenye ndimi, kubana, kufagia kushoto na kulia. Sekunde tano zimeshapotea kwa kulenga ndimi. Halafu poda inakata mwali, lakini haipozi. Kochi la sponji lililonyunyiziwa poda linaweza kushika tena ukishageuka kwenda kuwaita watu, kwa hiyo ukifanikiwa ulimwagie maji na usilipe mgongo.

Maji nayo yana mahali pake: karatasi, nguo, mbao, godoro. Kwenye umeme, zima kwanza meni swichi. Kwenye mafuta ya kukaangia, usithubutu. Maji yakigeuka mvuke huongezeka ukubwa karibu mara 1,700, na yanapofanya hivyo chini ya mafuta yanayowaka, mafuta yote yanarushwa darini yakiwa moto. Zima jiko, funika, usisogeze sufuria, uache ipoe. Mtungi wa gesi unaowaka kwenye mdomo ni jambo jingine tena: kama unaufikia mkono bila kuungua, funga valvu. Kama haufungiki, usiuzime mwali. Gesi ya mitungi yetu ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni kimyakimya, na cheche ya kwanza itakayoikuta italipua nyumba badala ya kuunguza jiko. Toa watu, waite Zimamoto.

Ukikosea. Unaweza kurudi nyuma kama tu mlango uko mgongoni mwako. Moto ukiwa kati yako na mlango, umeshabanwa.

Inamfaa nani. Mtu mzima aliye macho, aliyeuona moto unaanza, mwenye kifaa mkononi na njia nyuma yake, na ambaye wenzake ndani ya nyumba wameshaamshwa. Haimfai aliyeamshwa na moshi. Moto uliokuamsha usingizini una umri kuliko unavyodhani.

Njia ya pili: kutoka na kuufunga mlango nyuma yako

Umri wa moto. Inafaa tangu moto mchanga hadi muda mfupi kabla korido haijajaa moshi. Ndiyo njia yenye uwanja mpana zaidi kati ya zote tatu.

Hewa. Uzuri wa njia hii umo kwenye kile kitasa, na ndicho watu wanachosahau wanapokimbia. Ukitoka ukauacha mlango wazi, umeufungulia moto pua. Ukiuvuta ukafunga, bila kufuli, kitasa tu, unaufanya moto uishi kwa hewa iliyobaki ndani. Katika majaribio ya Underwriters Laboratories chumba kilichokuwa nyuma ya mlango uliofungwa kilibaki chini ya nyuzi 40, wakati upande wenye moto umepita 500. Tena huo ulikuwa mlango wa kawaida wa chumba cha kulala, wala si wa chuma.

Kwa hiyo funga mlango wa chumba kinachowaka kwanza, kabla hata ya kupiga kelele kama uko karibu nao. Kisha amsha watu. Kisha funga kila mlango unaoupita. Mtoto wa miaka saba anaweza kufundishwa hili.

Mapafu. Chini kuna hewa, juu kuna sumu, kwa hiyo tambaa. Kitambaa chenye maji puani kinapunguza masizi na kikohozi, ila hakizuii kaboni monoksidi, kwa hiyo kisikupe ujasiri wa kupita moshi mzito.

Vifaa. Ufunguo. Siandiki hivyo kwa mzaha. Nyumba zetu zina mlango wa mbao, kisha geti la chuma, kisha kufuli, na madirisha yote yana nondo kwa sababu ya wezi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, moto uliwashwa kwa petroli. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Wavulana 67 walikufa. Miaka saba kabla yake, Juni 1994, moto katika bweni la wasichana la Shauritanga mkoani Kilimanjaro uliua wanafunzi wapatao 40. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unataka milango ya mabweni ifungukie nje na madirisha yasiwe na nondo. Nyumba binafsi haina mkaguzi, mwenye nyumba ndiye mkaguzi.

Ukikosea. Kosa la kawaida ni kurudi ndani kuchukua simu, cheti, au mtungi wa gesi. Aliyerudi anakuta mstari wa moshi umeshuka kuliko alivyouacha, na anaposukuma mlango anaongeza hewa. Kosa jingine ni kung'ang'ania mlango ulioingilia. Kule West Warwick wengi walisongamana kwenye mlango wa mbele kwa sababu ndio waliouzoea.

Inamfaa nani. Karibu kila mtu aliye nyumba ya chini, aliye kwenye chumba chenye njia isiyopita kwenye moto, mwenye watoto, na yeyote ambaye hana uhakika wa jambo lolote lililoandikwa chini ya njia ya kwanza.

Njia ya tatu: kubaki chumbani na mlango umefungwa

Hii haipendwi, na naelewa kwa nini. Kukaa tuli huku nyumba inaungua kunaonekana kama kukata tamaa. Lakini kuna usiku ambao ndiyo njia pekee yenye akili.

Umri wa moto. Ni kwa moto uliokwisha kukua, nje ya chumba chako, na korido imejaa. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja, juu karibu na kizingiti. Ukiwa na joto, usifungue. Kitasa cha chuma huwahi kupata joto kuliko mbao, kwa hiyo kiguse nacho.

Hewa. Unajitenga na pumzi za moto. Ziba uwazi wa chini kwa taulo, shuka au kanga iliyoloa, na kama kuna tundu la waya au feni ukutani, lizibe pia. Dirisha lifungue kidogo kama nje hakuna moshi unaopanda, na likianza kuingiza moshi ulifunge.

Mapafu. Mlango ukishika, utavuta hewa nzuri kuliko yeyote aliyeko ngazini. Usiposhika, hakuna pa kukimbilia.

Vifaa. Mlango mzima wa mbao ngumu, maji, dirisha ambalo watu wa nje wanaliona, na simu yenye chaji. Tanzania ni 114, Kenya ni 999 au 112. Sema mtaa, jengo, ghorofa na chumba, halafu peperusha kitu cheupe au mulika tochi.

Kuna sharti moja kubwa lisilosemwa na vipeperushi vilivyoandikwa Ulaya. Njia hii inategemea kuta zinazofika juu. Nyumba nyingi za kupanga mijini kwetu zina kuta zinazoishia usawa wa dari, na juu ya dari paa ni moja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Nyingine hazina dari kabisa, unamsikia jirani akikohoa. Moshi katika nyumba hiyo hauhitaji mlango, unapita juu ya ukuta. Taulo yako ya chini itakuwa imeziba mlango ambao hakuna anayeutumia. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zenye kuta nene ni afadhali kwa ukuta, ila ukiinua macho utaona dari ya boriti, na boriti ni mti.

Ukikosea. Hapa ndipo njia hii inapokuwa ngumu. Jengo la Grenfell, London, lilikuwa na ghorofa 24, na agizo la kubaki ndani lilitegemea kila nyumba kuuzuia moto usitoke. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulianzia jikoni ghorofa ya nne kabla ya saa saba usiku, ukatokea dirishani, ukashika vifuniko vya nje vya ukuta na kupanda. Agizo la kubaki lilibadilishwa saa nane na dakika 47. Walikufa 72. Nadharia ya vyumba vinavyouzuia moto haikuwa mbaya, jengo ndilo lililokuwa limevishwa kuni kwa nje. Kwa hiyo anayebaki lazima aendelee kuchungulia: moshi unaongezeka? Mwali unaonekana nje ya dirisha? Ngazi bado iko safi? Ikiwa ngazi ni safi na jengo linawaka kwa nje, ondoka.

Inamfaa nani. Wa ghorofani ambaye ngazi zimejaa moshi, mgonjwa au mzee asiyeweza kutambaa mbali, na mtu wa hotelini asiyeijua korido. Anayekaa nyumba ya paa la makuti aisahau kabisa, paa hilo halimpi mtu dakika za kungoja.

Na kufungua madirisha je?

Kila moto wa mtaani una mjomba mmoja anayepaza sauti: “Vunjeni madirisha, jamani, moshi utoke!” Nia yake njema. Na kweli moshi utatoka, ila penye kutoka ndipo penye kuingia. Dirisha la chumba kinachowaka likivunjwa kabla maji hayajafika, moto uliokuwa na njaa unaletewa sahani.

Tofautisha vyumba viwili. Dirisha la chumba chenye moto liache. Dirisha la chumba chenye mtu, ambacho mlango wake wa ndani umefungwa, hilo vunja na nondo ng'oa, mtoe. Ukiwa nje hujui mlango wa ndani uko vipi, muulize aliyemo kama anasikika: “Dada, mlango umefunga?” Jibu lake lina uzito kuliko nyundo yako.

Na ukikuta chumba kimya, kioo kimekuwa cheusi chenye utandu kama mafuta ya taa, mlango una joto, moshi unatoka kwenye nyufa kwa vipindi kisha kufyonzwa ndani tena kama mtu anayevuta pumzi, na hakuna mwali unaoonekana, rudi nyuma na uwarudishe na wenzako. Hiyo ni Watts Street inayomngoja wa kuifungulia.

Kwa hali yako

Uko jikoni, mafuta yameshika, umesimama hapohapo: zima jiko, funika. Kama kifuniko hakipo karibu na mwali umefika kabatini, toka, vuta mlango wa jikoni. Usipoteze muda kutafuta kifuniko kikubwa kuliko sufuria.

Umeamshwa na harufu ya moshi, nyumba ya chini, familia ndani: njia ya pili bila mjadala. Wagawane kazi kabla ya siku hiyo, baba anachukua watoto wa chumba hiki, mama wa kile, dada wa kazi anajua geti. Mkutane mahali pamoja nje, chini ya mti fulani au kwa Mama Salma, ili mtu asirudi kumtafuta aliyekwisha kutoka.

Uko ghorofa ya nane na ngazi zinatoa moshi: jaribu ngazi ya pili kama ipo na ni safi, lifti usiiguse. Kama haipo, jifungie, ziba, piga simu, simama dirishani, na uendelee kuchungulia.

Uko dukani Kariakoo, kwenye korido nyembamba yenye mabunda ya nguo hadi darini: usipambane na moto uliopita urefu wa goti. Mzigo ulio juu ya kichwa chako utashikwa na joto la dari kabla ya ule wa chini, na unaweza kukuangukia ukiwa umeupa mgongo. Ukiwa mwenye duka, jambo la maana zaidi utakalofanya ni la leo mchana: acha nusu mita kati ya mzigo na dari, na njia ya nyuma isigeuzwe stoo.

Unaishi chumba kimoja cha kupanga, mlango mmoja, dirisha lenye nondo, na paa la pamoja na majirani. Njia ya tatu huna. Ya kwanza unayo kwa dakika moja tu, kama moto umeanzia kwako na uko macho. Iliyobaki ni ya pili, na yote inategemea mlango huo mmoja. Jiko la gesi au la mkaa lisikae karibu nao, lisogezwe upande wa pili wa chumba. Ongea na mwenye nyumba kuhusu dirisha la nondo zenye bawaba, mafundi wa kuchomelea wanaitengeneza, inafunguka kwa ndani kwa komeo. Na ufunguo wa mlango usilale mfukoni mwa suruali iliyotundikwa. Uning'inize kwenye msumari pembeni ya mlango, chini, usawa wa goti, mahali ambapo mkono wa mtu anayetambaa gizani utaugusa.